Kutoa kwa kukopa na maua ya boga: jibu kwa mwalimu wa Darasa la Tatu

SWALI: Shikamoo mkufunzi. Nafundisha Hisabati na Sayansi Darasa la Tatu katika shule iliyo kandokando ya Ziwa Victoria, huku Ilemela, Mwanza. Mkondo wangu una watoto 94. Kwenye kutoa, nikiwapa 52 − 27, karibu nusu yao wananiletea 35. Nimefundisha kukopa ubaoni tangu shule ifunguliwe. Wanaitikia vizuri, kesho yake wanaandika 35 ile ile. Kwenye Sayansi tunaingia mada ya mimea inayotoa maua. Wanataja sehemu za ua kama petali, sepali na stameni bila kukosea, lakini nikiuliza kama mahindi yana maua, darasa zima linasema hapana. Mwalimu mkuu ananishauri niunganishe masomo haya mawili ili muda utoshe. Inawezekana? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Inawezekana, na ukinipa nafasi ya kuchagua mmea, nitachagua boga. Lakini usiyaunganishe wiki hii. Mtoto ambaye bado hajajua kumi inafunguliwaje, ukimpeleka bustanini ahesabu maua kisha afanye kutoa, atarudi bila hesabu na bila ua. Kutoa kwanza kukae sawa kwa vitu vya kushika mkononi. Huku mnafanya hivyo, mbegu za boga ziwe tayari ardhini, maana zinahitaji kama majuma sita hadi manane kabla ya kuanza kuchanua. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya leo ni jembe: pandeni mashina machache kando ya uzio au nyuma ya jiko la shule, na mabamia mstari mmoja pembeni yake. Sababu ya bamia nitaieleza baadaye.

Sasa tuitazame hiyo 35. Swali la 52 − 27 halifai kwa uchunguzi, kwa sababu makosa mawili tofauti kabisa yanazaa jibu lile lile. Mtoto wa kwanza anaona 2 juu na 7 chini, anatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko wapi: 7 toa 2 ni 5, na 5 toa 2 ni 3. Anaandika 35. Mtoto wa pili anakopa kama ulivyomfundisha: 12 toa 7 ni 5. Lakini anasahau kwamba yale makumi matano sasa yamebaki manne, anatoa 5 − 2, anapata 3. Naye anaandika 35. Wa kwanza hajui kabisa kwa nini tunakopa. Wa pili anajua nusu. Ukiwasahihisha kwa alama moja ya mkasi na kuwarudishia maelezo yale yale ubaoni, mmoja wao lazima abaki gizani.

Jambo hili hutokea kila mara tarakimu mbili za mamoja zinapopishana kwa 5: 2 na 7, 3 na 8, 1 na 6. Kwa hiyo badilisha swali. Wape 53 − 27. Jibu sahihi ni 26. Anayetoa ndogo kwenye kubwa ataandika 34. Aliyekopa bila kupunguza makumi ataandika 36. Sasa unasoma daftari na unajua nani anahitaji nini. Ongeza 70 − 34, ambayo jibu lake ni 36: ukiona 44, mtoto amegeuza 0 na 4, ukiona 40, anaamini kwamba sifuri ukiitoa chochote inabaki sifuri, ukiona 46, amekopa lakini hakupunguza. Kwa wachache waliosonga mbele, wape 402 − 136. Jibu ni 266. Atakayeandika 334 bado anageuza tarakimu. Atakayeandika 366 amebadilisha sifuri kuwa 9 kwa sababu alisikia kwamba "sifuri inakuwa tisa", lakini mamia yake manne ameyaacha kama yalivyo. Na weka 68 − 25 mwanzoni kabisa, isiyo na kukopa. Anayekosa hiyo tatizo lake ni kutoa kwa kawaida kwa namba zisizozidi kumi, na kumpeleka kwenye kukopa ni kumwonea.

Maswali manne, dakika kumi na tano, karatasi za nusu ukurasa. Watoto 94 unaweza kusahihisha jioni moja kwa sababu hutafuti alama. Unapanga karatasi katika mafungu kulingana na jibu lililoandikwa. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya aina hii na kuonyesha kwamba mengi hayatokani na uzembe. Mtoto anafuata kanuni yake kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa kanuni yenyewe ina hitilafu. Ndiyo maana darasa lako "linaitikia vizuri" kisha linarudi pale pale. Wanaitikia kanuni yako kwa mdomo, mkono unafuata ya kwao.

Na kanuni hiyo ya kutoa ndogo kwenye kubwa, mara nyingi sisi walimu ndio tumewapa. Katika Darasa la Kwanza tunawaambia, "Huwezi kutoa namba kubwa kwenye ndogo." Mtoto anachukua maneno hayo kama amri: basi kila nikiona mbili, nianze na kubwa. Acha kusema hivyo. Sema, "Tunavyo vijiti vitatu nje ya mafungu ya kumikumi, tunatakiwa kutoa saba. Havitoshi. Tufanyeje?" Neno "havitoshi" linamwacha mtoto atafute vingine viko wapi.

Hapo ndipo zana zinapoingia, na nina msimamo kuhusu zana. Shule nyingi zinatumia vizibo vya soda, na kwa kuhesabu moja hadi ishirini vizibo vinafaa sana. Kwa kukopa havifai. Ukimwambia mtoto kwamba kizibo chekundu ni kumi na cheupe ni moja, anakuamini tu kwa sababu wewe ni mwalimu. Hakuna kitu ndani ya kizibo chekundu anachoweza kukitoa akakiona. Tumia vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Fungu la vijiti linafunguka. Ndani yake kuna kumi, na kila mtoto anaweza kuvihesabu tena akitaka. Kila mtoto alete vijiti ishirini kutoka nyumbani, urefu wa kidole cha kati, na siku mbili zitatosha kupata vijiti vya darasa zima. Makundi ya wanane wanane yatakupa makundi kumi na mawili. Kila kundi liwe na mafungu tisa na vijiti tisa vya nje, vikae kwenye mfuko wenye jina la kundi.

Somo la kwanza, usitaje kukopa. Usiandike chochote ubaoni. Waambie: wekeni 53 mezani. Watoe mafungu matano na vijiti vitatu. Kisha sema: wapeni kundi la jirani 27. Watatoa mafungu mawili bila shida, kwa sababu mtoto huanza na vikubwa, na hapo mwache. Kuanzia mamoja ni utaratibu wa maandishi, si sheria ya namba. Kisha watatoa vijiti vitatu, watakwama, watatazamana. Nyamaza. Kwenye kila kundi kuna mtoto mmoja atakayevuta tyubu. Huyo usimsifie haraka. Muulize: "Kabla hujatoa kitu kingine, mezani sasa mna vijiti vingapi jumla? Vimeongezeka? Vimepungua?" Wengi watasita. Hilo ndilo swali lenye somo zima, na kama una kipindi kimoja tu cha kutumia kwenye kutoa mwaka huu, kitumie hapo: kufungua fungu hakubadilishi idadi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kutoa kwa mstari wa wima, fanyeni zoezi lisilo na kutoa hata kidogo. Onyesha 53 kwa njia nyingi uwezavyo. Mafungu matano na vijiti 3. Mafungu manne na vijiti 13. Mafungu matatu na vijiti 23. Watoto waandike: 53 = 50 + 3 = 40 + 13 = 30 + 23. Wafanye hivyo kwa 62, kwa 80, kwa 41. Siku watakapoona 53 − 27 tena, ile 4 ndogo na 13 wanazoandika juu hazitakuwa alama za kichawi. Ni meza waliyoipanga jana. Mwaka 1949 William Brownell na Harold Moser walichapisha utafiti kuhusu watoto wa darasa la tatu huko Marekani waliofundishwa kutoa kwa kufungua kumi. Waliofundishwa kwa kuelewa sababu walifanya vizuri kuliko waliokaririshwa hatua, hasa walipokutana na maswali mapya. Wale walikuwa watoto wa darasa kama lako.

Lipo jambo la Kiswahili chetu ambalo walimu wengi hawalitumii. Kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa, namba zinajieleza: kumi, na nyingine juu yake. Ukifika ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, makumi yanajificha. Mtoto anayesikia "hamsini na tatu" hasikii popote kwamba kuna makumi matano. Kwa majuma mawili, kila namba darasani isomwe mara mbili: "hamsini na tatu, makumi matano na mamoja matatu". Ni usumbufu mwanzoni, na unalipa.

Sifuri za katikati zisubiri, na zikifika tumia pesa. Watoto wa Igombe, Kayenze na Kirumba wanatumwa dukani kila jioni. Wengine mama zao wanauza dagaa mwaloni, na chenji wanaijua kuliko tunavyodhani. Kata maboksi muwe na noti za elfu kumi, elfu moja, na "sarafu" za mia. Mnunuzi ana noti moja ya 10,000, bidhaa ni 3,600. Muuzaji hana namna ila kuivunja noti: inakuwa noti kumi za elfu. Bado hana mia. Anachukua elfu moja kati ya hizo, anaivunja kuwa mia kumi. Mezani sasa kuna elfu tisa na mia kumi. Toa elfu tatu na mia sita, zinabaki 6,400. Mtoto aliyeivunja noti mwenyewe mara mbili hatauliza kwa nini sifuri imekuwa tisa, na hatasahau kupunguza kule ilikotoka. Kisha waonyeshe njia ya wauzaji ya kuhakiki kwa kupanda: kutoka 3,600 mpaka 4,000 ni mia nne, kutoka 4,000 mpaka 10,000 ni elfu sita. Majibu yamekutana. Njia hiyo ya kupanda wengine wataipenda kuliko ya kukopa. Waruhusu kuitumia kuhakiki kila hesabu.

Sasa maua. Watoto wako wanaposema mahindi hayana maua, wanakujibu sawasawa na walivyofundishwa. Vitabu na michoro ya ukutani huanza na ua jekundu la haibiskasi lenye mishale ya majina, na mtoto anahitimisha kwamba ua ni kitu chenye rangi nzuri. Anza kwenye kazi ya ua. Ua ni mahali ambapo mmea hutengeneza mbegu. Swali la kuuliza mbele ya mmea wowote ni hili: mbegu zake zinatokea wapi, na kabla ya mbegu kulikuwa na nini pale? Kwa swali hilo mahindi yanakiri yenyewe. Mbelewele kule juu ni maua ya kiume, yanamwaga chavua, ule unga wa uzazi wa ua. Maua ya kike yamejificha kwenye hindi changa, na zile ndevu zinazotokeza ndizo zinazopokea chavua. Kila unywele mmoja wa ndevu unaelekea kwenye punje moja. Leta hindi lenye mapengo. Pale palipo na pengo, kwa kawaida unywele wake haukupata chavua. Mtoto akishalijua hilo, kila hindi la kuchoma atakalolimenya mjini Mwanza litakuwa na habari ya kumpa.

Mpunga una maua, nyasi za uwanjani zina maua, mafunjo na matete ya ufukweni yana maua. Hayana rangi kwa sababu chavua yao inabebwa na upepo, na upepo hauvutwi kwa rangi. Kwenye orodha ya mimea isiyotoa maua nakuomba uangalifu. Kangaga ni mfano mzuri, msonobari ni mfano mzuri. Mvinje usiuweke hapo ingawa unafanana na msonobari kwa mbali. Mvinje ni mmea unaotoa maua, madogo yasiyovutia macho. Mkuyu nao watoto husema hauchanui kamwe. Unachanua ndani. Kuyu lenyewe ni kifuko kilichofunga maua mengi madogo, na nyigu wadogo sana huingia kwa tundu la mbele kuyachavusha. Pasua moja changa darasani na wachunguze kwa lenzi kama mnayo. Na uyoga, mtoto akiutaja, mwambie hauko kwenye kundi lolote kati ya haya mawili, kwa sababu si mmea.

Kwa sehemu za ua, bamia ndiyo mwalimu bora katika mazingira yetu. Ua lake ni kubwa, petali tano za manjano zenye doa jekundu la zambarau katikati, na lina sehemu zote mahali pamoja: sepali zilizolifunika lilipokuwa tumba, stameni nyingi, yaani sehemu za kiume zenye chavua, zilizoungana kama bomba, na katikati ya bomba hilo pistili, sehemu ya kike, inachungulia. Bamia, pamba na haibiskasi ni wa familia moja, ndiyo maana maua yao yanafanana ukiyaweka mezani pamoja. Ila ua la bamia huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo, na la boga hujifunga kabla ya adhuhuri au karibu na hapo. Kipindi cha Sayansi kilichowekwa saa saba mchana kitakukutanisha na maua yaliyolala. Kabadilishane kipindi na mwenzako kwa majuma hayo mawili.

Ua moja kwa kila kundi linatosha. Walifungue kuanzia nje kwenda ndani, na kila sehemu iulizwe kazi kabla ya kupewa jina. Hii ya kijani ilikuwa inafanya nini jana, ua lilipokuwa limefumba? Unga huu uliobaki kwenye kidole umetoka wapi? Kule chini kabisa, ukipasua, vile vidoadoa vyeupe vitakuwa nini? Majina ya sepali, stameni, ovari (ile sehemu ya chini yenye vidoadoa) yaandikwe mwishoni. Wataulizwa majina hayo kwenye mitihani, hilo halina mjadala, na watayakumbuka vizuri zaidi wakiyatundika kwenye kitu walichokipasua wenyewe.

Sasa twende kwenye boga, ambako masomo yako mawili yanakutana bila kulazimishwa. Boga lina maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua la kiume lina kikonyo kirefu chembamba, na ndani yake kuna stameni tu. Ua la kike lina kiboga kidogo cha mviringo chini ya petali, kabla halijachanua. Mtoto wa Darasa la Tatu akionyeshwa mara moja anayatofautisha. Maua ya kiume hutangulia siku kadhaa na huwa mengi zaidi, kwa hiyo majuma ya mwanzo kila ua litaanguka na watoto watakuja kukuambia mmea unaumwa. Usiwajibu. Waambie waendelee kuhesabu.

Kila asubuhi watoto wawili wa zamu wapite, wahesabu maua yaliyochanua, ya kiume upande huu, ya kike upande ule, na waandike kwenye karatasi ya ukutani. Kwa kuwa ua la boga huchanua asubuhi moja tu, hakuna hatari ya kulihesabu mara mbili. Kila ua la kike lifungwe uzi mwekundu kwenye kikonyo. Baada ya majuma mawili au matatu, tuseme karatasi ina maua 62 kwa jumla, ya kike 14. Sasa ficha safu ya maua ya kiume kwa karatasi nyeupe na uliza: ya kiume yalikuwa mangapi? 62 − 14. Lazima wafungue kumi. Anayegeuza tarakimu ataleta 52, aliyesahau kupunguza ataleta 58. Halafu funua safu. Iko 48, waliyoihesabu wao wenyewe kwa vidole asubuhi baada ya asubuhi. Hapo hujatumia kalamu nyekundu hata kidogo. Mtoto mwenye 52 mwenyewe anaona haiwezekani, kwa sababu 52 na 14 ni 66, na maua 66 hawakuyaona.

Karatasi hiyo hiyo ina aina zote za kutoa ambazo mtoto anapaswa kuzijua. Kupata sehemu iliyobaki ni hiyo 62 − 14. Kulinganisha: maua ya kiume yamezidi ya kike kwa mangapi? 48 − 14, ni 34. Hili huwashinda wengi hata bila kukopa, kwa sababu hakuna kilichoondoka na neno "kuzidi" linawavuta kujumlisha. Wapange vijiti kwa safu mbili, ya kiume na ya kike, waone ziada kwa macho. Kuondoa kwa kawaida: nyuzi nyekundu zilikuwa 14, viboga vilivyoshika ni 9, vilivyoanguka ni vingapi? Ni 5. Na hapa hesabu inaishia, Sayansi inaanza, kwa sababu swali la sasa ni kwa nini vile vitano vilinyauka. Chavua haikufika? Nyuki hawakupita asubuhi ile kwa sababu ya mvua? Shina halikuwa na nguvu ya kulea vyote? Waache wabishane. Kisha jaribuni: asubuhi moja, chukueni ua la kiume, ondoeni petali, mpake chavua yake kwenye kichwa cha pistili ya ua la kike. Lifungeni uzi wa rangi nyingine. Mjue litashika au la.

Ukitaka kuchuma maua ya boga kwa ajili ya darasa, chuma ya kiume, na yaache machache kwa ajili ya nyuki. Ya kike yabaki. Kila moja ni boga la jiko la shule. Mtoto atauliza pia kuhusu mpapai dume ambao nyumbani kwao baba anataka kuukata. Mwambie ndiyo, mipapai mingine ina maua ya kiume tu, mingine ya kike, na mingine ina vyote viwili katika ua moja. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha kwa hilo.

Pamba nimeiacha pembeni kwa makusudi, ingawa tuko kwenye ukanda wake na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Misungwi, ambacho aina nyingi za mbegu zetu zimetoka, hakiko mbali. Ua la pamba ni somo zuri mno: siku ya kwanza jeupe la maziwa, siku inayofuata linageuka waridi, kisha linaanguka na kuacha kitumba. Lakini mashamba ya pamba hupigwa dawa, na mtoto hana njia ya kujua shamba lilipigwa lini. Kama mzazi anaweza kuleta shina moja kutoka shamba ambalo halijapuliziwa, lipandeni kwenye ndoo shuleni.

Gugumaji nalo watataka kulileta kwa sababu wanaliona kila siku likichanua zambarau. Ni mmea unaotoa maua, asili yake Amerika ya Kusini, ulioonekana ziwani mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na huzaliana zaidi kwa machipukizi kuliko kwa mbegu, jambo ambalo watoto wakubwa wanaweza kulilinganisha na boga. Usiwatume ufukweni kulifuata. Kwenye maji yale yenye magugu kuna konokono wa kichocho, na nyoka na mamba hupenda kujificha humo. Mwombe mvuvi mzoefu akuletee moja kwenye ndoo, walitazame bila kuingiza mikono kwenye maji yake, na mkimaliza lianikeni juani mpaka likauke kabisa kabla ya kulitupa. Msilimwage mtaroni, maana mitaro ya huku yote inaelekea ziwani.